Jina la Kuwatisha Maadui

Bibi yangu alitaka niitwe Hamisi. Nilizaliwa Alhamisi, na kwa Bibi shauri lilikwisha hapo: siku imekuja na jina lake mkononi, ya nini kujisumbua? Ndivyo pwani yetu ilivyojaa akina Juma, Hamisi, Rajabu na Ramadhani, watu waliopewa jina na kalenda. Lakini Babu alikuwa mwalimu wa chuo, tena msomaji wa vile vitabu vinavyosomwa kwa kukunja uso, na siku ya akika alitoka chumbani na jina ambalo mtaani kwetu Tanga hakuna aliyewahi kulisikia.

"Hanzala," akasema.

"Hamza?" Bibi akauliza.

"Hanzala."

"Ndiyo, Hamza." Na mpaka leo Bibi ananiita Hamza.

Hanzala ni tunda. Linazaliwa na mmea unaotambaa jangwani, kuanzia Sahara hadi Uarabuni na kuendelea mpaka India, na wataalamu wanauita Citrullus colocynthis. Ni ndugu wa damu wa tikiti maji. Ukiliona utalipenda: mviringo, ukubwa wa chungwa, kijani lenye michirizi, likiiva linageuka njano. Ukilionja utaomba radhi kwa watu wote uliowakosea. Sisi tukitaka mfano wa uchungu tunaikimbilia shubiri. Waarabu wanakimbilia hanzala. Waganga wa zamani, Ibn Sina akiwemo, walilitumia kufungua matumbo yaliyofunga, na matumbo yalitii. Imru'ul-Qays, mshairi mkubwa wa kabla ya Uislamu, alipotaka kueleza jinsi macho yake yalivyotiririka siku mpenzi wake anahama, alijifananisha na mtu anayepasua hanzala. Sisi tungesema kitunguu.

Kwa hiyo Babu alimtazama mtoto wa siku saba, aliyenyolewa kichwa na kupakwa mafuta, akaona inafaa aitwe Shubiri.

Nilipokua nikamuuliza sababu. Akanipa Ibn Durayd. Huyu alikuwa mwanazuoni wa Basra aliyefariki mwaka 933, na aliandika kitabu kizima juu ya asili ya majina ya Waarabu, Kitab al-Ishtiqaq. (Mwaka 871 waasi wa Zanji walipouteka mji wake alikimbilia Oman, kwa hiyo mambo ya maadui alikuwa anayajua kwa miguu yake mwenyewe.) Anasimulia kwamba Waarabu wa kale waliulizwa: mbona watoto wenu mnawaita Mwamba, Simba, Mbwa Mwitu na miti ya miiba, halafu watumwa wenu mnawapa majina matamu? Jibu likawa kwamba majina ya watumwa ni kwa ajili yetu wenyewe, lakini majina ya watoto ni kwa ajili ya maadui. Adui asikie anakuja Sakhr, yaani jabali, au Talha, yaani mgunga wenye miiba, au Hanzala, na roho imsinyae kabla ya upanga kuchomolewa.

Ibn Durayd anataja na njia nyingine. Mke akishikwa na uchungu, mume anatoka nje, na kile anachokutana nacho kwanza, awe mbweha au mjusi, ndicho jina la mtoto. Kwa njia hiyo, mimi mtoto wa Tanga ningeitwa Baiskeli, na nadhani maisha yangekuwa mepesi zaidi.

Maana maadui wa kiwango hicho sina. Upanga sijawahi kuelekezewa. Watu waliopambana na jina langu ni walimu, makarani na mawakala, na hakuna hata mmoja aliyeonyesha dalili ya kutishika.

Tuanze na chuoni. Siku moja maalimu alitufundisha ile hadithi mashuhuri ya Mtume kuhusu watu wanne na Kurani. Muumini anayeisoma ni kama balungi, tamu na lenye harufu nzuri. Muumini asiyeisoma ni kama tende, tamu lakini haina harufu. Mnafiki anayeisoma ni kama rehani, inanukia lakini ladha yake chungu. Na mnafiki asiyeisoma, maalimu akavuta pumzi, ni kama hanzala: chungu, na harufu halina. Chuo kizima kikageuka kunitazama. Aliyecheka zaidi ya wote alikuwa msichana mmoja wa mstari wa mbele aitwaye Rehani, ambaye kwa furaha yake hakuwa ameisikiliza ile ya tatu.

Nilikwenda kwa Babu nikilia, nikitaka kubadilishiwa jina. Akanikalisha mkekani akanisimulia habari za Hazn, mtu ambaye jina lake lilimaanisha ardhi ngumu yenye mabonde na mawe. Mtume alimshauri ajiite Sahl, yaani nchi tambarare, mtu laini. Hazn akakataa, akasema hawezi kuacha jina alilopewa na baba yake. Mjukuu wake, Said bin al-Musayyib, aliyekuja kuwa mmoja wa wanazuoni wakubwa wa Madina, alikiri kwamba ugumu ule haukuitoka familia yao.

"Unaona?" nikamwambia Babu. "Jina baya linabadilishwa!"

"Linabadilishwa," akajibu. "Na Hanzala mwandishi wa Mtume, aliyekuwa anakaa naye akiandika wahyi, alibadilishwa?"

Nikanyamaza. Babu akaona ameshinda, akaendelea kunieleza jinsi Hanzala huyo alivyomkuta Abu Bakr akamlalamikia kwamba yeye, Hanzala, amekuwa mnafiki: akiwa mbele ya Mtume anaiona Pepo na Moto kama kwa macho, akirudi kwa mke na watoto na shughuli zake, anasahau. Na Mtume akamtuliza kwamba mambo huwa na saa yake na saa yake. Babu aliisimulia kama faraja. Mimi nilichosikia ni kwamba jina langu na unafiki vimetajwa pamoja kwa mara ya pili katika siku moja.

Lakini yote hayo ni ya kitoto ukilinganisha na harusi yangu.

Sheikh aliyefungisha nikahi alikuwa mtu wa elimu, na alipoliona jina langu kwenye karatasi uso ulimng'aa. Alikuwa amechoka kuozesha akina Hamisi. Akashika kipaza sauti, kile kile kinachosikika nyumba za jirani walikokuwa wanawake, akaanza kuwahadithia watu Hanzala bin Abi Amir ni nani. Kijana wa Madina, akasema, tena bwana harusi kama huyu! Alimwoa Jamila binti Abdallah bin Ubayy usiku wa kuamkia vita vya Uhud, mwaka 625. Alfajiri mbiu ikapigwa, kijana akaruka kitandani akaenda vitani bila hata kuoga janaba. Akapigana mpaka akamfikia Abu Sufyan mwenyewe, kiongozi wa maadui, akainua upanga, na hapo ndipo mtu mwingine akamwahi akamuua. Mtume akawaambia masahaba kwamba malaika wanamwosha. Ndiyo sababu anaitwa Ghasil al-Malaika, aliyeoshwa na malaika!

Wanaume msikitini wakapiga takbiri. Upande wa wanawake vigelegele vilivyokuwa vimeanza vikakatika katikati, kama redio iliyochomolewa. Mama mkwe alikuwa amesikia mambo matatu tu: bwana harusi, usiku wa kwanza, amekufa asubuhi.

Fungate kwetu ni siku saba, na mimi nilifungwa kweli. Nikisogea mlangoni mtu anakohoa. Nikisema niende dukani kununua vocha, vocha inaletwa. Alfajiri ya kwanza, kabla hata ya adhana, mlango uligongwa na shangazi wa mke wangu, ameshika ndoo ya maji ya moto.

"Oga, baba," akasema. "Oga vizuri, tena urudie. Sisi huku hatutaki malaika wasumbuke."

Vitabu vya sira vinaongeza kwamba Jamila aliwaita mashahidi wanne wa ukoo wake washuhudie kuwa mumewe ameingia kwake, kwa sababu aliota mbingu zimefunguka zikampokea. Nashukuru sana sheikh hakuifikia sehemu hiyo. Mashangazi walikuwa wanne kamili.

Kitu kimoja kilinishangaza baadaye, nilipoisoma habari yote. Abu Sufyan, baada ya Uhud, alisema ni Hanzala kwa Hanzala, kwa sababu mwanawe aliyeitwa hivyo hivyo aliuawa katika vita vya Badr mwaka uliotangulia. Yaani siku zile kulikuwa na Hanzala kila upande wa vita, na mwingine pembeni ameshika kalamu. Leo simama katikati ya soko la Mgandini uite Hanzala kwa sauti yako yote: nitageuka mimi peke yangu, kama siku hiyo nimekwenda sokoni. Nadharia yangu ni kwamba wazazi wanaoijua maana wanaikimbia, na wasioijua hawawezi kuiandika. Siku hizi mtoto anatafutiwa jina lenye maana ya nuru, zawadi au furaha. Hakuna anayefikiria maadui.

Kuhusu kuandika, nina duka la vifaa vya ujenzi. Wakala aliyekuja kunisajilia lipa namba alikuwa kijana wa upande ule wa nchi ambako l na r ni mapacha. Aliuliza jina la duka, nikamwambia, akaandika kwa kujiamini, akaondoka. Jioni ile fundi mmoja alikuja kuchukua saruji, akatoa simu, akaingiza namba, akasita.

"Bosi," akasema, "simu inaniuliza kama nina uhakika nataka kulipa laki moja na nusu kwa Hasara Hardware."

Akalipa taslimu. Wengi wao bado wanalipa taslimu.

Kisha ikaja Julai 2025. Mchora katuni wa Kipalestina, Naji al-Ali, aliyepigwa risasi London mwaka 1987, alikuwa ameanza kumchora mwaka 1969 mtoto peku wa miaka kumi, na akampa jina la tunda lile lile, maana ukiukata mmea wake unachipua tena kutoka mzizini. Watu wengi huandika Handala. Mtoto huyo anatambulika kwa kuwapa watu mgongo, na wanaharakati waliokuwa wakiipeleka meli Gaza waliipa jina lake. Meli ikazuiwa baharini na jeshi la Israeli. Shangazi yangu wa Pangani, ambaye redio yake inakoroma kuliko inavyosema, akasikia Handala imekamatwa na Waisraeli. Ile "i" ya ngeli haikumzuia hata kidogo. Alimpigia mke wangu analia, akiuliza nilikwenda Israeli lini na mbona sikuaga. Mke wangu alimhakikishia kwamba niko uani napima nondo. Shangazi hakuridhika mpaka nikazungumza, na hata hapo aliniuliza jina la mama yangu mzazi, kunijaribu.

Mwezi uliopita mke wangu alijifungua mtoto wa kiume, siku ya Ijumaa. Majina yalianza kumiminika. Mdogo wangu alitaka la mchezaji mpira. Sheikh wa harusi alituma ujumbe mrefu wenye majina ya mashahidi wote wa Uhud, na mama mkwe akaufuta kwenye simu yangu kwa kidole chake mwenyewe. Ndipo Bibi, ambaye sasa haoni vizuri lakini kalenda anaijua, akauliza leo siku gani. Tukamwambia.

"Basi si Juma," akasema, na safari hii hakukuwa na Babu wa kumpinga.

Nikaenda kuomba cheti cha kuzaliwa. Dirishani alikuwa karani kijana, mpole, mwenye kuuliza kila kitu kwa adabu. Jina la mtoto? Juma. La baba? Nikalitamka taratibu, herufi kwa herufi, akaitikia kwa kichwa kila moja. Akaandika. Kisha, ili kuhakikisha, akasoma kwa sauti ya kusikika foleni nzima:

"Juma Hana Sala. Ndivyo?"

Kabla sijafungua mdomo, mzee mmoja mwenye kanzu aliyekuwa nyuma yangu alinigusa begani.

"Mhimize, baba," akaninong'oneza. "Mhimize tu. Msikiti si huo hapo ng'ambo ya barabara?"