Chombo cha Babu Kimepata Wataalamu

Hapa Base Camp, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kila mtu ni mtaalamu, hasa wa mali isiyo yake. Chombo cha maua cha marehemu babu kilivuka mpaka kutoka Kongo kikiwa kimefungwa ndani ya kitenge, kikakaa miaka kikihifadhi vijiko. Siku jirani alipokiona, akatangaza: "Cha Wachina hicho, mama. Hao ndio wanaotengeneza kila kitu."

Nikamgeuzia kitako: NIPPON, kwa wino wa kijani. Akasema ni jina la fundi. Maskini fundi! Nippon ni Japani yenyewe, kwa Kijapani. Sheria ya Marekani ya 1890 ilitaka bidhaa za nje ziandikwe nchi zilikotoka; mwaka 1921, baada ya miongo mitatu ya kufikiri, wakubwa wa forodha wakagundua kwamba Nippon si Kiingereza, wakataka iandikwe Japan. Kwa hiyo kitako chetu kina umri, iwapo muhuri haukughushiwa.

Jirani akarudi na majivu, limau na sponji ya chuma. Nikamkaribisha chai haraka. Dhahabu ya vyombo hivi hupakwa juu ya mng'ao. Ukiisugua, unabaki na udongo. Maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, kitambaa laini, taulo ndani ya beseni, chini ya chombo.

Chini ya vumbi wakatokea korongo wawili. Jirani akaruka: "Si ndege wa bendera ya Uganda huyu!" Sasa anakitafutia mnunuzi Mbarara, na sehemu yake ameshaitenga.