Heko, Maumivu ya Kifundo

Mombasa haikosi cha kusifu. Bahari imesifiwa, kahawa chungu imesifiwa, hata foleni ya feri ya Likoni ina watu wanaoitetea. Lakini sijamsikia mtu akiyasifu maumivu ya kifundo cha mkono, yale yanayomshika soja wa Shimanzi mwendo wa saa tisa alasiri, angali ana kundi zima la vibarua wa kuwakagua kwa kile kijiti cha kutafutia chuma. Naona ni dhuluma. Maumivu haya yanakuja kazini kila siku, hayaombi likizo, hayadai nauli ya matatu, na bado hakuna aliyeyapa hata ahsante. Leo nayatetea.

Shimanzi mtu wa kisiwani anaijua: matangi ya mafuta, maghala, matrela yaliyojipanga yakingoja zamu, vumbi lisiloisha, na kila lango na soja wake. Tangu jumba la maduka la Westgate lishambuliwe, Septemba 2013, vijiti vya kukagulia vimezagaa nchini kuanzia madukani hadi makanisani, na malango ya maghala nayo yakapata vyake. Kijiti chenyewe ni kama nusu kilo. Ukikishika mara moja utacheka, na mwajiri naye hucheka hivyohivyo anapoambiwa kuwa kinaumiza. Basi na akishike zamu nzima ya saa kumi na mbili, kibarua baada ya kibarua: bega, kwapa, mbavu, kiuno, goti, geuka, tena. Asubuhi mkono wote hufanya kazi. Kufika mchana kiwiko kimejibanza mbavuni kwa uchovu, na kila mzunguko sasa unafanywa na kifundo peke yake. Hapo ndipo mgeni wetu mheshimiwa anapopiga hodi, mara nyingi akianzia upande wa kidole gumba.

Ana ukoo, asidharauliwe, maana chombo kinachomleta kina historia ndefu. Mwaka 1881 rais wa Marekani, James Garfield, alipigwa risasi, na Alexander Graham Bell, huyohuyo wa simu, akaunda chombo cha kuitafuta risasi mwilini. Akakipitisha, kikalia kila mahali, kwa sababu kitandani mlikuwa na chuma, na tena daktari alimruhusu apime upande mmoja tu. Risasi ilikuwa upande wa pili. Garfield akafa Septemba. Miaka sitini baadaye, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa vimepamba moto, luteni wa Kipolandi aitwaye Józef Kosacki alibuni akiwa Uskoti mashine ya kutafutia mabomu ya ardhini, ikatumiwa na jeshi la Waingereza kule El Alamein mwaka 1942. Ilikaribia kilo 14. Askari aliisukuma kulia na kushoto juu ya mchanga, akijua kwamba mkono ukichoka na kupitiwa na shubiri moja tu ya ardhi, huenda hatapata nafasi ya kulalamika.

Sifa ya kwanza ya maumivu haya ni ukweli, na hapo yanaishinda mashine yenyewe. Mashine hulia ovyo. Hulia kwa ukanda, kwa funguo, kwa simu, kwa kifungo cha suruali. "Ni nini hiyo, babangu?" "Ukanda, soja." "Haya, pita." Nani amewahi kufunguliwa ukanda? Sasa fikiria lango la bohari ya mafuta, mahali ambapo kitu cha kuogopwa kuliko vyote ni moto. Kijiti kile hutoa uga wa sumaku, na chuma kikipitiwa na uga huo hujibu, ndipo king'ora kikalia. Kiberiti cha njiti ni ubao, karatasi na dawa kidogo. Hakina cha kujibu. Mtu atapita na kiberiti mfukoni, mashine imenyamaza kama bibi harusi, huku mwenzake mwenye kifungo cha shaba akisimamishwa. Maumivu hayana upuuzi huo. Yakilia, pana jambo.

Sifa ya pili ni kwamba yanafundisha bila karo. Soja huajiriwa, akapewa kofia, kirungu na mashine, na hakuna anayemwambia jinsi ya kuishika. Anayemfunza ni kifundo. Ndani yake mna njia nyembamba, imezungukwa na mifupa na kufunikwa kwa utepe mgumu, na humo hupita kano tisa za vidole pamoja na mshipa mmoja wa fahamu, vyote vikigombea nafasi. Kifundo kikinyooka, vinapitana. Kikikunjwa juu au chini, nafasi hupungua na mshipa hubanwa. Kwa hiyo somo la kwanza: kijiti kiwe mstari mmoja na mkono kuanzia kiwiko, na cha kuzunguka kiwe bega na kiwiko, ambavyo Mungu aliviumba vikubwa makusudi. Ukifika magotini usiukunje mkono kwenda chini, piga hatua ukunje magoti yako. Au mwambie mtu apande juu ya jiwe la ukingoni, ni rahisi zaidi, ingawa matajiri wa magari huona ni kuvunjiwa heshima.

Somo jingine ni kulegeza. Wengi wetu hukikamata kijiti kama tunashikilia mkia wa mamba, na nguvu hiyo yote haina kazi. Kishike kwa vidole vilivyolegea. Mpini ukiteleza kwa jasho la Machi, uviringishie kitambaa uwe mnene kidogo. Badilisha mikono kila baada ya watu kadhaa, hata kama mkono wa kushoto utafanya kazi kwa aibu siku za mwanzo. Maumivu yakija na joto na uvimbe, barafu iliyofungwa kwa kitambaa, dakika kumi au kumi na tano, inatuliza. Kukandwa kwa nguvu na mchuaji siku hiyohiyo kunaweza kuchochea tu kano iliyokwisha kuvimba. Najua hili litawaudhi wachuaji, na wao nawaheshimu. Wangoje siku chache.

Waliolisoma somo hili kwa makini zaidi ni watafuta dhahabu. Wachimbaji wadogo wa Geita na Chunya, kule Tanzania, hubeba mashine za kilo moja hadi mbili na zaidi, lakini mashine zao zina kikombe cha kulaza mkono karibu na kiwiko, nyingine huwekwa betri nyuma ili kichwa cha mbele kisivute, na nzito huning'inizwa kwa mkanda begani. Kijiti cha soja hakina chochote katika hayo. Aliyekiunda alifikiri juu ya anayekaguliwa.

Na msisahau kwamba maumivu haya ni mlinzi wa turathi. Kutoka Shimanzi hadi Mji wa Kale si mbali, na chini ya Ngome ya Yesu ndipo ilipozama meli ya Wareno, Santo António de Tanna, mwaka 1697, wakati Waomani wameizingira ngome. Wanaakiolojia waliichimbua kuanzia 1977, kwa kibali. Asiye na kibali, akitaka kuzunguka ufukweni na mashine kutafuta senti za kale, atakutana na Sheria ya Makavazi na Turathi za Taifa ya 2006. Sheria hiyo ina maaskari wachache. Kifundo kinachouma kitamrudisha nyumbani kabla ya adhuhuri.

Lakini nisiongope: kuna mahali sifa zangu zinaishiwa. Gumba, kidole cha shahada na cha kati vikianza kufa ganzi usiku hadi ukaamka kuukung'uta mkono. Kikombe kikianza kukuponyoka. Kugeuza ufunguo kukichoma kama kisu upande wa gumba, hapo maumivu si mwalimu tena. Nenda hospitali. Mara nyingi dawa yake ya mwanzo ni kuvaa kishikizo kinachokinyoosha kifundo, hasa usiku, na kupumzika. Ukichelewa miezi, mshipa hunyauka na misuli ya gumba nayo, na hata upasuaji huenda usirudishe yote.

Pumziko ndilo neno gumu Shimanzi. Soja akisema mkono unamuuma, huulizwa kama anajua idadi ya vijana wanaosubiri nafasi yake nje ya lango. Hata hivyo Kenya ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, inayomtaka mwajiri alinganishe kazi na zana na uwezo wa mtu anayezitumia, na mwaka huohuo ikapitishwa ile ya fidia kwa wanaoumia au kuugua kwa ajili ya kazi. Soja aandikishe maumivu yake kwenye kitabu cha matukio palepale langoni, kwa tarehe na saa, kama anavyoandikisha trela. Ofisi haiwezi kusema haikuambiwa.

Wenye maghala nawaomba jambo moja lisilogharimu kitu: pale penye soja wawili, mmoja ashike kijiti na mwenzake ashike kitabu, wapokezane kila nusu saa. Na wewe unayekuja Shimanzi kuchukua mzigo, ukifika langoni uwe umeshatoa funguo, simu na senti mfukoni ukaziweka mezani. Mashine isilie bure, soja asikuzungushe mara tatu.