Namna ya Kumfanya Muuguzi Asikuandikie Barua ya Uhamisho

Mwongozo huu ni wa mganga mfawidhi, katibu wa afya, matroni, patroni na yeyote aliyekabidhiwa hospitali ambayo wauguzi wake wanaulizana chinichini wapi kuna nafasi. Vifaa vinavyohitajika: kitasa cha mlango wa choo, birika la umeme, karatasi kubwa ya ratiba, kalamu yenye wino, spana moja na kiti cha ziada ofisini kwako. Fulana zenye maandishi mgongoni hazimo. Kama umeshaagiza za tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi Duniani, mpigie fundi simu leo, usitishe, na pesa hiyo ununue glavu. Nunua saizi zote, maana saizi kubwa peke yake humpwaya mtu mwenye vidole vyembamba anayetafuta mshipa wa mtoto mchanga.

Siku yenyewe sina ugomvi nayo. Ndiyo siku aliyozaliwa Florence Nightingale mwaka 1820, na wauguzi wa kwetu wanaipenda: wanawasha mishumaa, wanarudia kiapo, wanamsomea mgeni rasmi risala. Mgeni rasmi huipokea kwa mikono miwili, akaahidi kuifanyia kazi, na tangu hapo haionekani tena. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuitafuta risala ya mwaka jana, na ya mwaka juzi ikipatikana. Zisome polepole. Utakuta malalamiko yaleyale, na mengi hayahitaji kibali cha Wizara wala cha Utumishi. Yanakuhitaji wewe.

Hatua ya pili, nenda chooni. Nakusudia choo cha watumishi cha wodini, kile cha jengo la utawala tunajua kina maji. Nenda saa nane usiku bila kumwambia mtu. Ingia, funga mlango. Usipofungika umepata kazi ya kwanza. Bomba lisipotoa maji umepata ya pili. Muuguzi aliye kwenye siku zake, aliyesimama tangu saa mbili usiku, hawezi kungoja bajeti ya robo ijayo. Ukitoka hapo tafuta anapokula. Ukimkuta anakula wali wake akiwa amesimama nyuma ya kabati la dawa, mtafutie chumba, hata kiwe kidogo, chenye meza, birika na kabati la kufungia mkoba. Na kama ananyonyesha, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa hadi saa 2 kwa siku za kumnyonyesha mwanawe ndani ya muda wa kazi. Hospitali inayowafundisha kina mama kila asubuhi kunyonyesha maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo haina uso wa kumnyima hilo mwalimu wao.

Sasa tuhesabu wagonjwa. Mwaka 2002 Linda Aiken na wenzake walichapisha utafiti wa hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania, Marekani. Waliona kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwenye mzigo wa muuguzi huendana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufa ndani ya siku 30. Uwezekano wa muuguzi kuchoshwa na kazi hupanda kwa asilimia 23, na wa kutoridhika nayo kwa asilimia 15. Hospitali walizozipima zilikuwa na wastani wa wagonjwa 4 hadi 8 kwa muuguzi. Sisi tunazo wodi ambazo jua likizama muuguzi mmoja huachiwa wodi nzima, vitanda vyote, na waliolazwa chini juu yake.

Mwangalie saa tisa usiku. Kitanda namba 4 dripu imekwisha na damu imeanza kurudi kwenye mpira. Kitanda namba 11 mgonjwa anatapika, ndugu yake anaita, "Sista! Sista!" Chumba cha pembeni mtungi wa oksijeni unakaribia kwisha, mwingine upo, lakini spana ya kuhamishia mita iko wodi ya pili. Maabara wanapiga simu: damu iko tayari, mtu aje aichukue. Aanzie wapi? Popote atakapoanzia, kuna mtu atakayemlalamikia kwamba alichelewa, na asubuhi ataandikiwa barua ya kujieleza.

Najua si wewe unayeajiri. Lakini unaweza kumwondolea kazi zisizo zake. Tafuta mhudumu wa usiku kwa mapato ya ndani, na kazi zake ziwe kufuata damu, kusukuma machela hadi eksirei na kuhamisha mitungi. Ile spana ya kwenye orodha ya vifaa ifungwe kwa mnyororo kwenye mtungi wenyewe. Kisha zunguka kwenye dirisha la bima, mapokezi na chumba cha takwimu, uhesabu wauguzi waliokaa humo wakigonga mihuri. Warudishe wodini. Na kama taarifa moja ya mgonjwa inaandikwa kwenye rejista tatu halafu tena kwenye kompyuta, kaa chini na mtu wa takwimu muamue zipi zinafungwa. Dakika za kuandika mara nne ndizo zilizokosekana kitanda namba 4.

Ratiba ya zamu ina nguvu kuliko hotuba yoyote utakayotoa. Itoke mapema, angalau wiki moja kabla ya mwezi kuanza, ibandikwe ukutani, na isipanguliwe kwa ujumbe wa WhatsApp wa saa nne usiku. Sheria ileile ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi saa 12 mfululizo za kupumzika kati ya kutoka kazini na kurudi, isipokuwa wamekubaliana kwa maandishi kuzipunguza kwa masharti ya sheria hiyo. Anayetoka zamu ya jioni saa 2 usiku na kuripoti kesho yake saa 1:30 asubuhi amepata saa 11 na nusu, na humo ndani mna daladala mbili, chakula cha watoto na sare ya kufua. Waache wabadilishane zamu wenyewe, inchaji wa wodi aweke saini tu. Wape daftari la Idi na Krismasi, ijulikane wazi nani alifanya kazi mwaka jana. Upendeleo kwenye ratiba huonekana na kila mtu kabla hata gundi haijakauka, na inchaji anayempangia rafiki yake asubuhi mwezi mzima ameshakupotezea watu wawili.

Wamarekani walilichunguza jambo hili la wauguzi kuondoka mapema kidogo kwa njia ninayoipenda. Wauguzi walipoadimika, American Academy of Nursing ikaacha kuuliza kwa nini wanaondoka, ikazitafuta hospitali ambazo hawaondoki. Mwaka 1983 ikachapisha matokeo: kati ya hospitali 163 zilizochunguzwa, 41 zilikuwa zikivuta wauguzi na kubaki nao. Zilifanana kwa haya: viongozi wa uuguzi wanaoonekana wodini na kusikiliza, ratiba zinazobeba maisha ya mtu, nafasi ya kusoma, na muuguzi kuwa na sauti juu ya kazi yake. Hakuna kati ya hayo linalohitaji mfadhili.

Hatua inayofuata itakuwia ngumu, kwa sababu inahusu mdomo. Usimfokee muuguzi mbele ya wagonjwa, na usikubali mgeni wako amfokee. Tumeizoea ile ziara ya kushtukiza: kiongozi anaingia wodini na kamera mbili, anamuuliza mgonjwa kama kapata dawa, mgonjwa anasema kaambiwa akanunue nje, na wote wanamgeukia msichana mwenye sare nyeupe aliyesimama karibu na kitanda. Yeye hakuagiza dawa. Hasaini maombi ya Bohari ya Dawa. Yupo pale kwa sababu ndiye pekee ambaye hawezi kuondoka pale. Jioni video inazunguka nchi nzima na mama yake anaiona. Siku hiyo kazi yako ni kusema neno moja mbele ya kamera zilezile: "Mheshimiwa, dawa ni jukumu langu." Utapata aibu ya dakika chache. Wauguzi wako watakaa wakilisimulia hilo kwa miaka, na wengine watabaki kwa ajili yake.

Wapo wauguzi wenye lugha chafu, hilo sitalifunika. Mama mwenye uchungu anayeambiwa maneno ya kumdhalilisha ameumizwa, na aliyemuumiza awajibishwe. Mwite ofisini, mkalishe kwenye kile kiti cha ziada, msikilize, mwonye kwa maandishi, na akirudia chukua hatua ya nidhamu. Ukifanya hivyo wenzake watakushukuru, maana wao ndio wanaotukanwa mitaani kwa ajili yake. Ila kabla ya kumwita, angalia kwenye ratiba alikuwa zamu ya ngapi mfululizo na aliachwa na wagonjwa wangapi.

Kuna jambo moja ambalo, ukiweza kulifanya moja tu kati ya haya yote, ningekuomba uanze nalo. Usiku wa manane muuguzi anamwekea kanula majeruhi wa bodaboda anayerusha mikono. Majeruhi anashtuka, sindano inachomoka na kumchoma muuguzi kidole cha shahada, kupita glavu. Anavua glavu, anaosha kwa maji na sabuni. Sasa anahitaji dawa za PEP za kumkinga na virusi vya UKIMWI. Zinatakiwa zianze haraka iwezekanavyo, zisivuke saa 72, na zinywewe kwa siku 28. Ziko CTC, kliniki ya tiba na matunzo ya wanaoishi na virusi hivyo. CTC imefungwa, ufunguo uko kwa mtu anayelala mjini na simu yake haipatikani. Kwa hiyo anarudi kwa majeruhi wake, anaweka kanula mkono wa pili, anaandika chati, anagawa dawa za alfajiri, huku akiwaza watoto wake. Asubuhi swali la kwanza analoulizwa ni, "Ulikuwa hujavaa glavu?"

Mtu aliyeulizwa swali hilo ameshaondoka, hata kama mwili utaendelea kuja kazini hadi barua itakapojibiwa. Weka dozi za kuanzia mahali panapofunguka usiku, ufunguo uwe kwa msimamizi wa zamu. Namba moja ya simu ibandikwe juu ya kila sefti boksi. Taarifa ijazwe baada ya dozi ya kwanza kunywewa, na isiwe barua ya kujieleza. Dawa hizo huwatapisha na kuwachosha wengine, hivyo mpunguzie zamu, na umpigie simu wewe mwenyewe siku ya tatu. Halafu uliza wangapi hospitalini kwako wamemaliza dozi 3 za chanjo ya homa ya ini aina ya B. Wasiomaliza, wachanjwe.

Semina nitazipitia haraka. Tengeneza orodha ya nani alikwenda wapi na lini, uibandike, na safari ijayo aende ambaye hajawahi. Kama majina matatu yanajirudia ukurasa mzima, hata wewe utaona haya.

Kupanda daraja nako kusingoje mtu aje kulia ofisini. Katibu wa afya awe na daftari la tarehe za kila mmoja, na barua ziandaliwe kabla tarehe hazijafika.

Halafu kuna fedha. Asije mtu akautumia mwongozo huu kusema birika linatosha. Mwaka 2017 wauguzi wa hospitali za umma Kenya waligoma kwa takriban miezi 5, kuanzia Juni hadi Novemba, wakidai mkataba wao wa maslahi. Julai 2021 Kenya hiyohiyo ikatiliana saini na Uingereza makubaliano ya kupeleka wauguzi wakafanye kazi huko. Shirika la Afya Duniani linasema dunia ilipungukiwa wauguzi milioni 5.8 mwaka 2023. Kwa hiyo muuguzi wako ana pa kwenda, na anajua. Mshahara hupangi wewe, lakini posho za kuitwa kazini, za saa za ziada na za sare zinapita mezani kwako. Zilipe kwa tarehe inayojulikana. Zikichelewa, shuka wodini ukaseme zimekwama wapi na zitatoka lini. Na akija kudai, usimkumbushe kiapo. Anakikumbuka kuliko wewe, na mwenye nyumba wake hapokei kiapo.

Pamoja na hayo yote, barua moja moja zitakuja. Mume kahamishiwa Mwanza, mama mzazi anaumwa Tunduru. Barua ya kumfuata mwenza isilale mezani kwako miezi mitatu kwa matumaini kwamba ndoa itasubiri. Ipitishe wiki hiyohiyo, mkalishe mwenye nayo kwenye kiti, umuulize nini kingemfanya abaki na nini kilimuudhi zaidi. Andika majibu mbele yake. Akiondoka kwa heshima atawaambia wenzake wa kule kwamba hospitali yako inafaa, na aliyeondoka vizuri hahitaji kuomba radhi akitaka kurejea.

Wasioandika barua ndio wengi, na hao usiwangoje waandike. Kila Jumatatu chagua wodi moja, nenda wakati wa kukabidhiana zamu, wanaotoka na wanaoingia wakiwa pamoja. Usiende na msafara. Sikiliza ripoti hadi mwisho, kisha waulize: nikitengeneza kitu kimoja tu kabla ya Ijumaa, kiwe kipi? Kama ni mashine ya presha, itafute. Kama ni taa ya korido, itafute. Ijumaa rudi ukawaonyeshe, na kama umeshindwa, rudi vilevile uwaambie umeshindwa wapi.