Jinsi ya Kuotesha Kuvu Ndani ya Dawa ya Sindano

Ukitaka dawa iingiwe na vimelea, huna haja ya kuvisaka. Vipo kwenye maji yaliyotuama bombani, kwenye vumbi, kwenye malighafi, na hasa kwenye ngozi na pumzi ya mfanyakazi. Wewe viachie njia tu. Mwalimu wako awe kampuni ya kuchanganya dawa ya New England Compounding Center, mjini Framingham, Marekani, mwaka 2012.

Jenga jirani na kiwanda cha kuchakata taka, vumbi lisihangaike kukutafuta. Katika chumba safi, ambamo joto na unyevu hudhibitiwa saa zote, zima kiyoyozi usiku. Wao walikizima saa 2 usiku hadi saa 11 na nusu alfajiri. Boila ikivuja, acha dimbwi. Kisha pima hewa na nyuso za meza, ukute kuvu na bakteria, uandike, ufunge daftari. Hapa ndipo ninapoumia zaidi: vipimo vya kampuni yenyewe vilionyesha hatari tangu Januari hadi Septemba, na haikuonekana kumbukumbu ya hatua yoyote.

Dawa ikiingia kwenye mashine ya kutakasa kwa mvuke, itoe kabla dakika zake hazijatimia. Isafirishe majibu ya maabara yakiwa bado hayajarudi.

Vichupa zaidi ya 17,000 vya methylprednisolone, steroidi inayochomwa mgongoni kutuliza maumivu, vilisambazwa hivyo. Wakaguzi wa FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, walipima vichupa 50 vya toleo moja, na vyote 50 vilikuwa na vimelea hai. Vingine vilikuwa na uchafu mweusi wenye rangi ya kijani unaoonekana kwa macho. Kuvu aina ya Exserohilum rostratum, anayejulikana zaidi kwa kushambulia mimea, akaingizwa mgongoni mwa watu waliokwenda kutibiwa maumivu tu. Hadi mwaka 2013, CDC, taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, ilikuwa imehesabu wagonjwa 753, wengi wao wakiugua homa ya uti wa mgongo, na vifo 64.

Ewe mtengenezaji, timiza dakika za mvuke na usubiri majibu. Nawe muuguzi, inua kila kichupa kwenye mwanga kabla ya kuvuta dawa. Ukiona uchafu, usimchome mtu. Kiweke kando, andika namba ya toleo, na uiarifu mamlaka ya dawa siku hiyohiyo.