Sifa za Albamu Isiyofika

Waandishi waliotangulia wameimba sifa za Subira mpaka wino ukawakaukia. Methali zimemtukuza, mashekhe wamemhubiri, na wazazi wa pwani wamewapa binti zao jina lake. Lakini katika taadhima yote hiyo sijamwona aliyemkumbuka mama yake, Kuchelewa, ambaye lau si yeye Subira asingalizaliwa, wala asingalikuwa na kazi ya kufanya hapa duniani. Dhuluma hii imenikera siku nyingi. Kwa hiyo nimeazimu kumtetea bibi huyu anayelaumiwa na kila abiria, kila mdai na kila mwenye njaa, na hoja zangu nitazitoa mahali ambapo hapana aliyezitarajia, yaani katika hali ya vijana wa Garsen, kando ya Mto Tana, wanaongoja albamu mpya ya bendi waipendayo.

Atakaye kuyaona haya kwa macho yake na ashuke Minjila, jirani na Garsen, penye njia panda ya Malindi, Lamu na Garissa, wakati wa alasiri, mabasi yakiwa yamekwisha kupita na wauza maembe wamebaki na beseni zao. Kijana mmoja huitia simu yake katika kikombe cha bati ili sauti ipate kukua, kisha hucheza kionjo ambacho wanamuziki wamekitoa kwa ubahili wa kustaajabisha: gitaa laanza, ngoma yafuata, mwimbaji avuta pumzi, na papo hapo kimekatika. Halikuimbwa hata neno moja. Basi kijana huendelea mwenyewe kwa kinywa chake, akipiga mdundo kwa vidole juu ya beseni iliyofudikizwa. Mwenziwe wa bodaboda humkatiza, akidai kwamba wimbo hauendi hivyo, bali hapo hushuka. Na wa tatu, aliyekuwa akihesabu chenji, huapa kwa roho ya mamaye kwamba hapo hapana shaka itaingia zumari. Bendi ilitunga wimbo mmoja. Kwa fadhila ya kuchelewa kwake zimepatikana nyimbo tatu, wala hakuna aliyelipishwa hata senti.

Na tuseme kwa insafu: albamu iliyokwisha kutoka ina nyimbo kumi, na katika kumi hizo aghalabu mbili ni nzuri, tano ni za kustahimilika, na tatu zilitiwa ili kujaza nafasi. Albamu isiyofika haina wimbo mbovu hata mmoja. Hakuna mhakiki awezaye kuisengenya, hakuna hasidi awezaye kuiiba, wala jirani hawezi kuipiga usiku wa manane hata watu wakaichukia.

Hapa sina budi kuwakaripia, kwa heshima, vijana wa Nairobi wajiitao Just A Band, waliotokana na Chuo Kikuu cha Kenyatta na kuanza kazi yao mwaka 2003, bila ya kampuni kubwa nyuma yao, wakijirekodia, wakijichorea na kujitengenezea filamu zao wenyewe. Walitoa albamu ya kwanza, Scratch to Reveal, mwaka 2008, na ya pili, 82, mwaka 2009, kwa haraka ambayo hata leo siwezi kuisamehe. Mwaka 2010 filamu ya wimbo wao Ha-He ikamtoa yule jabali Makmende, na kwa majuma kadhaa Kenya nzima ikawa haina mazungumzo mengine ila ushujaa wa mtu asiyekuwapo. Watu wakataka ya tatu. Nao, kwa hekima ambayo nilidhani ni ya kusudi, wakanyamaza. Lakini ilipotoka mwaka 2012 walikuwa wameipa jina la Sorry for the Delay, ndiyo kusema wanaomba radhi kwa kuchelewa! Ni nani aombaye radhi kwa sadaka aliyoitoa? Walikuwa wamewapa mashabiki wao miaka mitatu ya kukisia, ya kubishana na kuota, kisha wakaja kwa unyenyekevu kama watu waliovunja chungu cha wenyewe. Nashukuru kwamba baadaye walitubu kwa vitendo: Jim Chuchu akajitoa akashika filamu, Mbithi Masya akaongoza Kati Kati iliyotoka mwaka 2016, Blinky Bill akatoa albamu yake mwenyewe mwaka 2018, na miaka kumi ikatimia tangu ile ya tatu pasipo kuonekana ya nne. Toba ya namna hiyo haina shaka ndani yake.

(Mwaka huohuo wa 2012 ulikuwa mwaka wa msiba katika Delta ya Tana, wakulima na wafugaji walipouana na vijiji kuchomwa moto. Hapo sina mzaha. Watu wa huku walikuwa wakingoja amani, na katika kungoja huko sioni la kusifu.)

Ulaya nao wana mabingwa wao. Bendi ya My Bloody Valentine, iliyoanzia Dublin, ilitoa Loveless mwaka 1991, na albamu iliyofuata, m b v, haikutoka mpaka Februari 2013. Mtoto aliyezaliwa pamoja na ile ya kwanza angaliweza kupiga kura, kuoa na kujuta kabla ya kuisikia ya pili. Na usiku ilipotolewa, umati wa walioikimbilia mtandaoni ulikuwa mkubwa hata tovuti ya bendi ikaanguka kwa uzito wao, wakapata saa chache zaidi za kungoja, ambazo nadhani ndizo walizozifaidi kuliko zote. Minjila hawajapata kusikia habari za bendi hiyo, lakini wangalipewa kisa chake wangalitambua udugu mara moja.

Maana sisi wa Garsen hatukujifunza kungoja kwa muziki. Tumefundishwa na mto. Mvua hunyesha mbali, katika milima ya Aberdare na Mlima Kenya. Maji hushuka, yakazuiwa katika mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Mabwawa yakifurika hutolewa tangazo kwamba watu wa chini wahame. Nasi tunasimama ukingoni chini ya jua kali, mbingu nyeupe kama bafta, tukiambiwa kwamba gharika i njiani. Siku hupita. Wenye haraka hucheka. Kisha usiku mmoja mto hupanda bila ya hodi. Mkulima wa Kipokomo hauoni huo kuwa mwisho wa kungoja bali mwanzo wake, kwa kuwa sasa angoja maji yashuke ndipo apande mpunga katika tope yaliloliacha; na Muorma, aliyewateremsha ng'ombe wake wakati wa kiangazi kwa njia ya malka mpaka kwenye maji, huondoka nao kwenda nchi kavu na kungoja huko zamu yake irudi. Mto Tana haujapata hata siku moja kutangaza tarehe ya kutoka ukaitimiza. Wala haujaomba radhi.

Tena ardhi hii ndiyo iliyomlaza shujaa na mshairi Liongo Fumo, ambaye kaburi lake huonyeshwa huko Kipini, mto unapoingia baharini. Masimulizi yasema kwamba alipokuwa kifungoni mama yake alimpelekea tupa ndani ya mkate wa wishwa, ambao walinzi waliudharau wakampa. Naye akaomba watu wakutane nje wacheze gungu, wapige matari na matoazi. Wao walidhani wanastarehe. Liongo ndani alikuwa akikereza pingu zake, na kila ngoma ilipochangamka naye alizidisha, kwa kuwa kelele zao zilifunika mlio wa tupa. Basi fikirini, enyi mnaolalamika kwamba mwanamuziki akawia: lau wachezaji wale wangalichoka mapema, au wangalidai kwamba msanii atoke mara moja awaimbie, shujaa wetu angalifia gerezani akiwa na pingu nusu. Tangu hapo kila nikisikia kwamba bendi imejifungia studio haionekani, mimi husema moyoni: waacheni, huenda wamekwisha kufika kwenye mguu wa pili.

Na wimbo wa taifa la Kenya, je? Sauti yake ilitokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea watoto. Ulikaa vizazi kadhaa kandokando ya mto huu, ukiimbiwa wasikilizaji ambao kazi yao ilikuwa kusinzia, mpaka tume ya wanamuziki watano ikauchukua na kuupa maneno mapya, na Desemba 1963 watu wakausimamia wima. Hakuna bendi iliyokawia kiasi hicho na kulipwa heshima kama hiyo.

Najua watakaonipinga. Watasema kwamba Kuchelewa hula bando za watoto wa watu, kwa kuwa kila asubuhi lazima simu ifunguliwe kutazama kama kuna habari. Kwamba huzaa waongo, kila kijiwe kikiwa na mtu mmoja ambaye binamu yake wa Mombasa ameisikia albamu nzima. Na kwamba watu wawili wa Garsen, ambao sitawataja, walinuniana mwezi mzima kwa ajili ya mpangilio wa nyimbo ambazo hakuna kati yao aliyezisikia. Nayakubali yote, na yote nayahesabu katika fadhila zake, kwa maana ni wangapi kati yetu wawezao kununiana kwa jambo lisilowadhuru? Wazee wao hawakuwa na raha zaidi. Enzi za kanda, mtu aliyetaka taarabu mpya ya Mombasa alimpa kondakta fedha na jina la mwimbaji, kisha basi likanasa topeni, likarudi, likaharibika. Na haikuwa ajabu kanda iliyoagizwa kwa ajili ya arusi kufika bibi arusi akiwa amekwisha kujifungua, ikachezwa kwenye akika, tena watu wakaona utamu wake umezidi.

Kwa hayo nawasihi wanamuziki, wa Nairobi na wa kwingineko, wasiharakishwe na barua, matusi wala mapenzi ya mashabiki wao. Na ikiwa hapana budi, fundi amekwisha kulipwa na jalada limekwisha kuchorwa, basi naomba albamu itolewe mwezi wa Mei, maji yakiwa yamefunika njia ya Lamu kwenye sehemu za Gamba, basi halipiti, umeme umekatika na mnara wa simu umezimika, ili wenzetu wa Nairobi waanze kuisikiliza na kuvunjika moyo siku ileile, na sisi wa Garsen tupewe majuma mawili ya nyongeza.