Mwili Wako Hauna Hati

Mheshimiwa Mwenyekiti, Mama Mhazini, wajumbe, na nyie mliofuata chai: itifaki imezingatiwa. Mimi ni Profesa. Cheo hiki nilitunukiwa na kamati ya mjumbe mmoja, tena mtu ninayemheshimu sana, kwani kila asubuhi namnyoa ndevu. Miwani ya uhalisia pepe nimewahi kuivaa dukani, hadi muuzaji alipoidai. Kwa hiyo humu ndani sina mpinzani.

Mnadhani hiyo miili mliyokuja nayo ni yenu. Nani kawaambia? Ubongo! Na ubongo, ndugu zangu, ni afisa ardhi. Amejifungia gizani ndani ya fuvu, kiwanja hajawahi kukikanyaga, analetewa makaratasi tu: moja kutoka machoni, jingine kutoka kwenye ngozi, jingine kutoka kwenye misuli na viungo. Makaratasi yakikubaliana, anagonga muhuri: mali yako. Ukimletea ya kughushi yanayokubaliana, anagonga vilevile na kukutakia siku njema.

Ushahidi ninao. Mwaka 1998 watafiti wawili huko Marekani, Matthew Botvinick na Jonathan Cohen, walichapisha katika jarida la Nature makala fupi mno. Mimi nisingekubali kuandika kitu kifupi namna ile. Walimkalisha mtu mezani, wakauficha mkono wake wa kushoto nyuma ya kizuizi, kisha wakamwekea mbele ya macho mkono wa mpira. Wakachukua brashi mbili ndogo za rangi, wakawa wanaipapasa mikono yote miwili kwa pamoja. Dakika si nyingi, mtu akaanza kuihisi brashi pale anapoiona, yaani kwenye mpira. Alipoambiwa afumbe macho aonyeshe mkono wake ulipo, alionyesha mahali palipohamia upande wa ule wa bandia.

Msidhani afisa hana masharti. Brashi zikipishana, muhuri unasita. Mkono wa mpira ukigeuzwa upande ambao mkono wa binadamu haugeuki, faili linarudishwa. Hata mla rushwa hukataa ramani inayoonyesha kiwanja katikati ya bahari.

Huko Stockholm, kwenye taasisi ya Karolinska, mkono mmoja haukuwatosha. Mwaka 2008 Valeria Petkova na Henrik Ehrsson walifunga kamera kichwani mwa sanamu la dukani, lile la kuvalishwa nguo, zikiangalia chini. Picha zikapelekwa kwenye miwani aliyovaa mtu. Akiinamisha kichwa ajitazame, anakuta tumbo la sanamu. Wakapapasa matumbo yote mawili kwa pamoja, tumbo likawa lake. Na kisu kilipopitishwa juu ya tumbo la plastiki, vipimo vilivyobandikwa vidoleni vikasema ngozi yake imeanza kutoa jasho.

Hapa ndipo ninapoingia mimi. Ikiwa tumbo la plastiki linaweza kuwa lako, basi kitambi hiki mnachokitazama si lazima kiwe changu. Nakitamka rasmi: si changu. Kiliota nikiwa naangalia pembeni. Mke wangu kauliza, kama si changu, mbona nakishibisha kila jioni? Swali la kienyeji. Nimeliacha kwa utafiti zaidi.

Twende Barcelona, kwa Mel Slater na wenzake. Hao hata brashi hawahitaji. Unavaa miwani na nguo inayofuatilia mwendo wako. Ukiinua mkono, mwili wa kuchorwa unainua wake, na kioo cha humo ndani kinakuonyesha. Mwaka 2013 waliwapa watu wazima mwili wa mtoto wa kama miaka minne, kisha wakawapa mwili wa mtu mzima uliopunguzwa hadi kimo kilekile. Katika miili yote miwili vitu vilionekana vikubwa kuliko vilivyo, ila katika ule wa mtoto vilizidi. Kimo hakikubadilika hata kidogo! Mwendo wa mwili ulipoachanishwa na wa mwenyewe, tofauti hiyo ikafutika.

Mwaka huohuo waliwapa Wazungu ngoma ya Afrika Magharibi. Katika mwili wa mtu mweusi aliyevaa kikawaida, walirusha mikono na viwiliwili zaidi kuliko katika mwili wa Mzungu mwenye suti. Yaani afisa anakukabidhi hati pamoja na umbea wa mtaani kuhusu mwenye nyumba. Mimi ni mweusi tangu kuzaliwa na ngoma inanishinda, hakuna aliyeniuliza.

Mwaka 2018 wakawavisha vijana mwili wa Einstein. Waliofaidika zaidi kwenye jaribio la kufikiri ni wale waliojidharau. Basi mimi Einstein hana cha kunisaidia.

Sasa vitendo. Mama Mhazini, njoo mbele. Mkono wako pitisha nyuma ya hilo boksi la maji. Mezani naweka glovu ya njano ya kuoshea vyombo niliyoijaza mchele, na kanga inafunika kuanzia begani hadi kwenye mdomo wa glovu ili ionekane imeota mwilini mwake. Kijana, papasa. Kidole cha kati huku, kidole cha kati kule. Kwa pamoja, wewe, usitazame simu! Unaihisi wapi, Mama? Kwenye glovu? Andika, Katibu! Naomba nyundo.

Mmeona alivyoruka? Mchele utafagiliwa. Mama, pole, na kabla hujakaa, ile bahasha.

Mbona nyepesi? Nauli ipo. Posho ya chakula iko wapi? Unasemaje? Imezuiliwa kwa sababu tumbo si la Profesa na mwenye tumbo hajajitokeza kusaini? Mheshimiwa Mwenyekiti, taarifa! Ile ilikuwa nadharia! Katibu, futa huo mstari. Andika kwamba tumbo ni la Profesa, lote, kuanzia hapa hadi hapa, pamoja na maendelezo yake yote. Jamani, njooni mlishike. Kijana, lete brashi!