Shangazi Kasuku Ajibu: Barua kutoka Ndani ya Safina

Mvua ya siku 40 imekatika, ila maji hayana habari ya kupungua na barua ndizo zinazofurika. Andikeni bila woga. Siri zenu kwangu ziko salama. Nikishazitangaza mara tatu nne, huwa nazisahau.

Shikamoo Shangazi! Mimi ni twiga dume, ghorofa ya kati. Tangu tupande nimeinama. Shingo inaniuma, na ng'ombe wa jirani anadhani namsujudia.

Marahaba mwanangu. Safina ina kimo cha dhiraa 30 kwa ghorofa tatu. Kila mmoja wenu amepata dhiraa kumi, kama mita nne na nusu, na dume la twiga huzidi mita tano. Fundi alifuata vipimo alivyopewa, usimnunie. Pitisha kichwa kwenye tundu la ngazi, ila upige hodi kwanza. Juzi ulimtokea mama mbuni akiwa anataga.

Shangazi, napakana na simba. Hali, hasemi, ananitazama tu. Silali. (Swala)

Huyo ni mgonjwa. Marabi wa Talmud watakuja kusimulia kwamba homa ndiyo iliyomshibisha simba safari nzima. Kwa hiyo kazi yako ni kuhakikisha haponi. Ukimwona mtu anapita na majani ya mwarobaini, zimia mlangoni.

Hujambo Shangazi? Sisi panya tulipanda wawili, kama sheria ilivyotaka. Sasa hatujihesabu tena, maana mke wangu hujifungua kila baada ya wiki tatu. Majirani wanalalamika eti tunatafuna mbao na kamba. Wivu tu! Lakini jana nimeona mnyama mwenye masharubu ambaye hakuwepo tulipopanda. Ni nani?

Wivu gani? Chombo ni cha mbao, wewe unatafuna mbao, na huko nje milima imezama! Kisa chenyewe kimeanzia kwa tembo. Tembo mmoja hula hata kilo 150 kwa siku, na zaidi ya nusu hupita tumboni bila kumeng'enywa. Nao wako wawili. Wa kuzoa ni watu wanane: Mzee Nuhu mwenye miaka 600, mkewe, wana watatu na wake zao. Ghorofa ya chini haipitiki, na harufu yake imepanda hadi kwangu darini. Al-Tabari, mwanahistoria atakayefariki Baghdad mwaka 923, atayaandika masimulizi yake: Nuhu aliamriwa aubinye mkia wa tembo, wakatoka nguruwe dume na jike, wakaufagia uchafu wote kwa midomo yao. Ulipoanza wewe kutafuna, akaamriwa ampige simba katikati ya macho, na puani wakachomoka paka wawili. Ndiyo, simba yule yule wa homa. Pole yake. Basi huyo mwenye masharubu ndiye majibu ya malalamiko ya majirani. Hama leo, na uzazi wa mpango si aibu.

Shangazi, wananiletea majani, siyataki. Hakuna anayejua chakula changu. (Kinyonga)

Utajulikanaje, nawe ukiwekwa juu ya majani unageuka jani? Hao hao marabi watakuja kukujua. Kaa karibu na Mzee anapokata komamanga. Funza akidondoka, mmeze mbele ya macho yake. Kuanzia hapo atakukandia pumba, aziache hadi ziote funza.

Shangazi, wengine wamepanda wawili wawili, sisi kondoo saba saba, dume na jike. Hata simba, na ufalme wake wote, amepewa mke mmoja tu. Bila shaka tunapendwa. Tumewaagiza nguruwe watuamkie. Tukishuka tudai vyeo gani?

Mwanangu, kula majani yako. Nimemwona Mzee akitenga kuni kavu, na humu ndani sijawahi kuona nyama ikipikwa. Tutakaposhuka, kitu cha kwanza kitakachojengwa nchi kavu ni madhabahu, na watakaoitwa ni wanyama safi na ndege safi. Nguruwe hawatasumbuliwa. Waamkieni nyinyi.

Mimi mwenyewe bado naulizia kasuku anahesabiwa upande gani. Mwenye habari za uhakika aniandikie upesi, kabla mlango haujafunguliwa.